Msafishe Dada Yako

Jioni ile mama alinituma fremu.

Alitaka kubwa, yenye kioo, ya rangi ya dhahabu, kwa sababu picha ya Dada aliyotumiwa wiki hiyo ilikuwa nzuri kuliko zote. Dada amesimama juu ya daraja refu, kofia pana kichwani, mkoba begani, nyuma yake mto na maghorofa. Ukuta wa sebuleni kwetu ulikuwa umejaa picha za namna hiyo. Dada mbele ya maporomoko ya maji. Dada kwenye ngazi za ndege. Dada ufukweni. Kila aliyeingia kwetu, awe muuza mkaa au mgeni wa heshima, alizungushwa ukuta mzima kabla hajaonyeshwa kiti. Asubuhi mama alikuwa akizisalimia zile picha, moja moja, kama anayesalimia watu.

Dada alikuwa ameolewa na mfanyabiashara wa mashine za kusaga na kukoboa. Harusi haijapoa, mume akasema biashara inamwita miji ya mbali na mke si sufuria, huwezi kumwacha jikoni ukaondoka. Wakaenda. Tangu hapo hatukuisikia sauti yake. Shemeji alituandikia kwamba baridi ya huko imemharibu koo, daktari amemkataza kusema. Basi tukawa tunapokea picha. Mama alisema picha inatosha, mtu akiwa mzima huonekana usoni.

Mimi kazi yangu ni hiyo hiyo ya picha. Nina chumba kimoja kando ya barabara, nimekiita studio. Napiga picha za pasipoti, lakini kinachonilisha hasa ni wasafiri. Mtu anarudi safari na picha amefumba jicho, jasho linamtiririka, nyuma yake amepita mtu asiyemjua anayejikuna. Ananiletea. Namwondolea chunusi, namfungua jicho, namfukuza yule anayejikuna, mpaka safari inakuwa tamu kuliko ilivyokuwa. Mteja mmoja aliwahi kunilalamikia kwamba nimempendezesha mkewe hadi anaogopa kurudi kwa yule wa kweli.

Nikarudi na fremu kwapani ili nifunge studio. Jua lilikuwa linazama, barabara imejaa vumbi na watu wanaorudi makwao. Nikamkuta mtu ameketi kwenye benchi ya wateja, mgongo ukutani, mikono magotini.

Shemeji.

Nilimsalimia huku nikitazama nyuma yake, nikimtafuta Dada. Hakuwepo. Akanieleza kwamba wanaunganisha safari, wanalala mjini usiku mmoja tu, na Dada yuko hotelini, hoi. Nikasema basi twende nikamwone, au mama akafuatwe. Akakataa kwa upole. Alisema Dada hataki mama amwone akiwa amechakaa hivyo.

Alikuwa amejipulizia manukato hadi macho yakaniwasha. Na chini ya manukato yale kulikuwa na kitu kingine... kama kitambaa cha kupigia deki kilichosahauliwa ndooni.

Alitoa kadi ya kamera kwenye mfuko wa shati, akaniwekea kiganjani. Ilikuwa na unyevu.

"Msafishe dada yako," akasema kwa sauti ya chini. "Safari imemchosha."

Zile za mwanzo nilijua zimepita kwa fundi, jicho langu halikosi; nikamuuliza kwa nini asirudi kwake. Akasema yule ameacha kazi. Tumbo. Kila akila, anatapika.

Nikawasha kompyuta. Shemeji akavuta kigoda, akaketi nyuma yangu, karibu mno, pumzi yake ikinigusa shingoni.

Kwa mbali zilikuwa picha nzuri. Dada ufukweni, Dada kwenye bustani ya hoteli, Dada akipanda ndege. Nikachagua ya ufukweni, nikauvuta uso karibu ili nianze kazi.

Inzi.

Alikuwa ametua kwenye pembe ya jicho, pale penye unyevu. Nikasema kumbe hata inzi nao wamesafiri. Shemeji hakucheka. Nikamfuta, nikafungua picha ya bustani. Inzi yupo, pembe ile ile. Nikafungua nyingine. Sasa walikuwa wawili, na wa tatu alikuwa amekaa kwenye tundu la pua, nusu ndani.

Inzi akitua jichoni mwako unapepesa. Unakunja uso, hata kama hutaki. Dada alikuwa anatazama mbele tu, macho wazi, kama vile jicho lile si lake.

"Futa," shemeji akanong'ona.

Nikafuta. Nikaingia kwenye ngozi. Nimesafisha nyuso za wagonjwa, za walevi, za watu waliosafiri siku nyingi bila kuoga. Rangi ile sikuwahi kukutana nayo. Ilikuwa ya kijani kwa ndani, kama mkate uliosahauliwa kabatini. Chini ya kidevu ngozi ilikuwa imeachana na nyama, imelegea, imejikunja kama soksi iliyoshuka. Nikailainisha. Nikaivuta ikakaa. Vidole vyangu vilikuwa vikifanya kazi vyenyewe, kwa mazoea tu, na kichwa kilikuwa kimekataa kufikiri.

Midomo ilikuwa ya zambarau. Pembeni mwake kulikuwa na vipande vyembamba vya kahawia, vimegandamana na mate yaliyokauka. Nikavuta karibu zaidi.

Pumba.

Mama aliwahi kufuga kuku, pumba naijua. Nikamuuliza shemeji Dada anakula nini huko. Akanijibu kwamba hiyo ni poda, poda za huko ziko hivyo.

Ndipo harufu ilipoanza. Kwanza nilidhani panya amefia nyuma ya kabati. Nikaurudisha uso wa Dada mbali, harufu ikapungua. Nikauvuta karibu... ikaja. Nzito, tamu kidogo, ile tamu inayokukaa nyuma ya ulimi. Nikaurudisha mbali. Ikaondoka. Mdomo wangu ukajaa mate membamba, yale yanayotangulia kutapika.

Kwenye picha ya ndege Dada alikuwa ameachama kidogo. Nikaona nimtengenezee tabasamu, nimalize, mtu huyu aondoke. Nikaingia mdomoni.

Meno yalikuwa na utando. Nyuma ya meno hapakuwa na ulimi. Palikuwa na kisiki cheusi, na juu yake kitu kidogo cheupe, kinene, kimejikunja. Picha haisogei, kama kuna kitu kimoja ninachokijua duniani ni hicho. Lakini kile cheupe nilikiona upande wa kushoto wa kisiki. Nikapepesa macho. Nikakiona upande wa kulia.

Mkono wa shemeji ukaja juu ya wangu, juu ya kipanya. Kiganja chake kilikuwa kinateleza.

"Huko usiingie," akanong'ona. "Mfunge mdomo tu. Ukifungwa anapendeza."

Nikaufunga mdomo wa dada yangu.

Nikajifanya natengeneza kingo za picha, mbali na uso. Hapo nikaona kazi ya yule fundi wa kwanza. Alikuwa amemkata Dada kutoka mahali pengine, akambandika ufukweni, akambandika uwanja wa ndege. Alikuwa na haraka, au alikuwa anatapika. Kila mahali alikuwa amesahau pale kati ya mkono na kiuno. Uwazi mdogo wa pembe tatu. Ndani yake haukuonekana mchanga wala anga. Ulionekana ukuta wa bluu unaobanduka rangi, bomba lenye kutu, na pembe ya gunia.

Ukuta ule nilikuwa naujua. Siku ya harusi nilipanga zawadi kwenye stoo iliyo nyuma ya nyumba ya shemeji, na rangi ile ya bluu ilinichafua gauni.

Hawakuwa wamesafiri.

Nilijua nikigeuka ataisoma sura yangu, basi sikugeuka. Niliziba zile pembe tatu kwa mchanga na mawingu. Nikamjaza Dada mashavu, nikampaka wekundu wa midomo. Nikamtia nuru machoni, ile nukta ndogo nyeupe inayomfanya mtu aonekane anakutazama. Nilipomaliza, shemeji aliinama juu ya bega langu, akaangalia kwa muda mrefu.

"Sasa amekuwa mtu," akasema.

Akapitisha kidole gumba kwenye kioo cha kompyuta, kwenye shavu la Dada, taratibu, kama anayemfuta chozi. Kisha akachomoa kadi yake, akanisihi mama asijue kwamba alipita, akatoka. Nikamsikia akisalimiana na watu barabarani, kistaarabu kabisa.

Kidole chake kilikuwa kimeacha alama. Niliifuta kwa kitambaa, haikutoka. Nikaikwangua. Ikaingia chini ya ukucha wangu, nzito kama mafuta ya nyama iliyolala, na ndani yake mlikuwa na unywele. Niliunusa mkono wangu, sijui kwa nini, mwili una ujinga wake. Sikufika mlangoni. Nilitapika kwenye ndoo ya taka, juu ya vipande vya picha za pasipoti za watu.

Nyumbani nililala bila kusema kitu. Niliogopa kumwambia mama jambo ambalo huenda nimeliota nikiwa macho. Lakini asubuhi simu yake ililia. Picha zilikuwa zimefika. Mama aliniita jikoni, ameng'aa uso, akaniuliza kama naona dada yangu alivyonawiri, alivyonenepa mashavu.

Mashavu yale niliyachora mimi.

Nikamwambia yote. Nilitegemea atalia, au atanipiga kofi. Alisikiliza mpaka mwisho, simu ikiwa kifuani, kisha akauliza jambo moja tu.

"Pumba, una hakika?"

Nikasema nina hakika. Mama akaketi sakafuni pale pale. Alipoinuka alijifunga kanga, akampigia simu mjomba.

Mjomba ni mdogo wake mama, fundi wa kuchomelea vyuma, mtu wa mizaha ambaye hata msibani hukosi kumsikia. Alikuja na gari lake na mikasi ya kukatia kufuli, na hakutania. Njiani ndipo alipolitamka lile neno, akitazama barabara, kwa sauti ya mtu anayeogopa kusikiwa. Msukule. Kwamba mtu huchukuliwa, watu wakadhani wanajua aliko. Hukatwa ulimi asije akasema. Hulishwa pumba. Na mambo ya aliyemchukua hufunguka. Mama alimwambia anyamaze aendeshe.

Geti la shemeji lilikuwa na kufuli. Jirani yake, mwanamke anayeshona nguo barazani, alitueleza kwamba wenye nyumba walisafiri zamani. Mume huonekana mara moja moja. Ila jioni jioni dirisha la stoo humulika, pa, halafu giza, pa, kama radi isiyo na mvua. Akasema pia kwamba ameacha kuanika nguo upande ule. Zinakauka zikinuka.

Mjomba akalikata kufuli la geti. Tukazunguka nyuma. Stoo ilikuwa na mlango wa bati, na bati lilikuwa linavuma kwa ndani, mvumo mdogo usiokatika. Alipokata kufuli la pili na kuuvuta mlango, inzi ndio waliotoka kwanza. Kisha harufu. Haikuja puani tu. Ilitugusa uso, ilikuwa na unyevu, ilikuwa na joto.

Dada alikuwa ameketi kwenye kigoda, mbele ya ukuta wa bluu.

Amevaa gauni la safari. Kofia pana kichwani, mkoba begani. Kando yake sanduku la magurudumu, jipya, karatasi ya dukani bado imebandikwa. Mbele yake taa ya kupigia picha, kama yangu. Na miguuni, beseni la pumba zilizolowana, zimechacha, zina povu juu, na ndani ya povu vitu vinatembea.

Mama alimwita kwa jina la utotoni, lile la kumbembelezea.

Kichwa kikageuka.

Kiligeuka polepole, na kofia ikakifuata nyuma kidogo, kama vitu viwili visivyoshikana.

Mimi nilibaki mlangoni. Ni dada yangu, ziwa alilonyonya ndilo nililonyonya, na sikuweza kumgusa hata kwa kidole. Mama hakusita. Aliruka lile beseni, akamshika mkono. Ngozi ya kiganja cha Dada ilisogea chini ya vidole vya mama, ikakunjamana kama utando wa maziwa unapoupuliza. Mama hakuachia.

"Simama, mama," akamwambia. "Twende nyumbani."

Dada akasimama.

Alitembea. Hilo nitalisema mbele ya yeyote. Alitoka stooni akafika kwenye gari kwa miguu yake mwenyewe, visigino vikiburuzika, gauni likidondosha maji mazito yanayonata. Yule fundi cherehani alituona. Aliacha mguu juu ya pedali, akatazama, kisha akaingia ndani na kufunga mlango wake kwa komeo.

Mjomba aliendesha madirisha yote yakiwa wazi. Mama na Dada walikaa nyuma, mkono kwa mkono. Njia nzima mama alikuwa anamsimulia habari za nyumbani. Nani amejifungua. Paa linavuja upande gani. Paka mweusi amezaa tena, kwenye kapu la nguo safi. Mimi nilikuwa natapika kwenye mtandio wangu. Niligeuka mara moja tu. Kofia ilikuwa imelala begani kwa mama, na chini ya ukingo wake kilikuwa kimetoka kitu cheupe, kinapanda shingo ya mama kuelekea sikioni. Mama alikichukua kwa mkono wa kushoto, akakitupa dirishani, akaendelea na habari za paka.

"Ananibana mkono," akaniambia. "Ana joto, mwanangu. Ana joto."

Hospitalini mhudumu alikuja na kitanda cha magurudumu mpaka kwenye gari. Dada alishuka, akaketi juu ya kitanda, akalala chali. Mama aliuachia mkono pale tu, walipomzuia mlangoni. Tukakaa kwenye benchi.

Daktari alitoka upesi mno. Alikuwa na barakoa, na juu ya barakoa macho yake yalikuwa na hasira. Mjomba akainuka akauliza mgonjwa anaendeleaje.

"Mgonjwa yupi?" daktari akasema. "Mmeniletea maiti. Huyu amekufa wiki nyingi. Mlikuwa mmemweka wapi?"

Mjomba alimweleza kwamba alitembea, alishuka gari mwenyewe, na mhudumu ameona. Mhudumu akaitwa. Akatazama sakafu, akasema hakumbuki vizuri, siku ilikuwa ya wagonjwa wengi. Lakini wakati anasema alikuwa akipangusa viganja kwenye suruali. Alipangusa, akapangusa, hata baada ya daktari kumruhusu aende.

Polisi walituhoji na wakawa na maelezo yao, na maelezo yao yana akili. Mume aliua, akaogopa, akawa anampiga picha maiti ili familia isiulize. Ulimi huoza mapema. Pumba haikosekani kwa mwenye mashine za kukoboa. Na kule kutembea, daktari alisema ni mshtuko: tulimbeba wenyewe, akili ikakataa kukumbuka. Mjomba ana lake. Anasema msukule akitolewa mahali alipofungwa hurudia kifo chake cha kwanza. Shemeji mwenyewe hakuonekana tena, na simu yake haiiti.

Mimi sina upande. Ninachojua ni kwamba sikumbeba. Gauni langu halikuwa na doa hata moja isipokuwa matapishi yangu.

Tulimzika siku iliyofuata, jeneza limepigiliwa misumari. Jioni, waombolezaji walipopungua, mama mdogo alituletea chakula na maji ya kunawa. Mama alitia mkono wa kushoto tu kwenye maji. Wa kulia alikuwa ameuficha ndani ya kanga, na alipoutoa tuliona kwamba tangu hospitali hajaunawa. Kiganja kilikuwa kimekauka, kinang'aa. Kwenye kifundo kulikuwa na kipande cha ngozi isiyo yake, kimegandamana kama karatasi. Mama mdogo alisukuma sahani mbele yake, akajifunika pua kwa ncha ya kanga, akatoka. Mjomba alinikonyeza nimwambie mama anawe. Sikuweza.

"Maiti haibani mkono," mama akasema. Hakuwa anamwambia yeyote.

Kisha akaona kwamba sijala. Akanyoosha mkono ule ule kwenye sahani, akafinyanga tonge, taratibu, akalilainisha kwa kidole gumba, kama alivyokuwa akitulisha mimi na Dada tulipokuwa hatujajua kula wenyewe. Akalileta mpaka mbele ya uso wangu. Harufu ilitangulia. Macho yake yalikuwa yananingoja.

Nikafungua kinywa.